Kaka anataka tuuze shamba ili binti yangu apandikizwe seli za kongosho

Assalaam alaikum daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Tanga. Binti yangu wa pili, Salha, ana miaka 19 na anaugua kisukari cha aina ya kwanza tangu yuko darasa la tatu. Anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Nyumbani hatuna friji, kwa hiyo chupa naiweka kwenye mtungi wa udongo, na kila siku najiuliza kama hilo ndilo linaloharibu mambo.

Kinachonitesa si sukari kupanda, ni kushuka. Zamani ikishuka alikuwa anatetemeka, anatoka jasho, anasema "mama, njaa", tunampa juisi anakaa sawa. Siku hizi haoni dalili yoyote. Anaongea vizuri, mara maneno yanapotea, mara yuko chini. Ramadhani iliyopita (yeye hafungi, mimi niliamka kupika daku) nilimkuta kitandani amelowa chapachapa, macho wazi, haitiki. Jirani akasema hayo ni mashetani, tumwite mwalimu. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetufikisha hospitali, wakamtundikia dripu ya glukosi, akazinduka. Haikuwa mara ya kwanza na haikuwa ya mwisho. Sasa amepata nafasi chuo cha ualimu, atalala bweni, na mimi usingizi umenihama tangu sasa.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Ametumiwa video ya hospitali moja ya nje inayosema inapandikiza seli za kongosho na kisukari kinaisha kabisa. Wakala wao kamwambia huu ni utafiti, nafasi ni chache, na tukitoa arabuni kabla ya mwisho wa mwezi tunapunguziwa bei. Kaka atatoa nusu. Nusu nyingine anataka tuuze shamba la minazi la Pangani tulilorithi kwa mama yetu. Mume wangu anasema ni utapeli mtupu, hataki hata kusikia. Lakini jamaa yetu aliyeko Kanada ametuambia tiba hii ipo kweli, tena ipo mji wa Edmonton kwa miaka mingi. Kama ipo, kwa nini nimnyime mwanangu? Nikimuuliza mwenyewe anajibu, "Mama, fanyeni mnavyoona."

Daktari, ni tiba au ni utapeli? Tuuze shamba?

Mama Salha, Tanga

---

Waalaykum salaam Mama Salha. Pole sana kwa usiku huo wa daku na kwa mwingine wote uliokaa macho.

Nianze na shamba, maana wakala amekwisha kuwawekea tarehe. Msiuze, na msitume arabuni. Nitakueleza kwa nini, lakini sitaki hata wiki moja ipite mkiwa mnatafuta mnunuzi.

Jamaa yenu wa Kanada amesema kweli. Mumeo naye hajakosea. Kila mmoja anazungumzia kitu chake, na wakala anajitafutia riziki kwa kuvichanganya hivyo viwili.

Ndani ya kongosho kuna vifungu vidogo sana vya seli vinavyoitwa visiwa vya Langerhans, kwa jina la Paul Langerhans aliyevieleza mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1869. Mtu mzima mwenye afya ana takriban visiwa milioni moja. Humo ndimo zilimo seli beta, zinazotengeneza insulini. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili imezishambulia seli hizo na kuziua. Salha hakukosea chakula, wala wewe hukukosea malezi. Ndiyo maana wanasayansi wakajiuliza: kama seli zimekufa, kwa nini tusimpe mtu seli za mwingine?

Swali jepesi, kazi yake ikachukua miongo. Paul Lacy na wenzake wa St. Louis, Marekani, walionyesha kwa panya mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba visiwa vilivyopandikizwa vinaweza kushusha sukari. Camillo Ricordi akabuni mashine ya kutenganisha visiwa na sehemu nyingine ya kongosho, kazi iliyoelezwa mwaka 1988. Hata hivyo wagonjwa wengi waliopandikizwa miaka ile walirudi kwenye sindano upesi. Mwaka 2000 ndipo James Shapiro na timu yake ya Chuo Kikuu cha Alberta, huko huko Edmonton, walipotoa taarifa ya wagonjwa 7 ambao wote waliacha insulini. Waliepuka dawa za kushusha kinga za jamii ya steroidi, ambazo zenyewe hupandisha sukari, na walimpa kila mgonjwa visiwa vya kutosha, mara nyingi kutoka kwa zaidi ya maiti mmoja.

Nimesema maiti kwa makusudi. Visiwa hivi hutoka kwenye kongosho la mtu aliyefariki ambaye yeye au familia yake iliridhia kutoa viungo. Kongosho hutolewa haraka, huyeyushwa kwa vimeng'enya, visiwa huchujwa, hupimwa, kisha huingizwa kwa mrija mwembamba kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Mgonjwa hapasuliwi tumbo. Visiwa hutulia ndani ya ini na kuanza kazi humo humo, ingawa vingi hufa siku za mwanzo. Hapa kwetu Muhimbili na Benjamin Mkapa wanapandikiza figo, na figo hizo hutolewa na ndugu aliye hai. Ndugu aliye hai hawezi kumpa Salha visiwa hivi kwa njia hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia ana visiwa tele, tayari kwa yeyote mwenye pesa, mwulize vimetoka kwa nani.

Na matokeo? Wagonjwa wa Edmonton walipofuatiliwa miaka mitano, wengi walikuwa bado na visiwa vinavyofanya kazi kiasi, lakini ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyekuwa bado hatumii sindano kabisa. Mbinu ziliendelea kuboreshwa. Utafiti wa watu 48 wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja nusu yao hivi hawakuhitaji insulini, na asilimia 87.5 walikuwa na sukari nzuri bila kuanguka tena kwa sukari kushuka. Juni 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya visiwa vya maiti iitwayo Lantidra. Katika washiriki 30 waliotumika kuipima, 21 walikaa mwaka au zaidi bila insulini, na 5 hawakupata hata siku moja ya kuiacha. Uingereza huduma hii imo katika mfumo wa afya wa umma tangu mwaka 2008.

Tazama tena ile asilimia 87.5, Mama Salha. Hapo ndipo penye faida yenyewe ya tiba hii: mtu kuacha kuanguka. Watu waliolengwa na tafiti hizi ni watu wazima wanaofanana na binti yako, wale ambao sukari inawashuka vibaya na mwili hauwaonyi tena. Sitakudanganya kwamba tiba hii haimhusu. Kwa ugonjwa alio nao, angeishi Edmonton, daktari wake huenda siku moja angeitaja. Lakini hata huko isingekuwa ya kwanza kutajwa.

Sababu ni dawa za kushusha kinga. Visiwa vya mtu mwingine mwili utavikataa, na kinga ile ile iliyoua seli za mwanzo bado ipo. Ili visiwa viishi, mgonjwa hunywa dawa kama takrolimasi kila siku, kwa muda wote visiwa vinapofanya kazi. Dawa hizo huumiza figo, na figo za mtu mwenye kisukari tayari ziko hatarini. Huongeza uwezekano wa saratani kadhaa. Hufungua mlango wa maambukizi, na sisi tunaishi katika nchi yenye kifua kikuu kingi. Kiwango cha dawa kwenye damu lazima kipimwe mara kwa mara, maana ikizidi ni sumu na ikipungua visiwa vinakufa. Salha ni msichana wa miaka 19: baadhi ya dawa hizi zinadhuru mimba, na hilo ana haki ya kulijua kabla ya yeyote kumwamulia. Kuna na jambo ambalo mawakala hawalitaji kamwe: mwili ukishakutana na tishu za watu wengine unaweza kutengeneza kingamwili dhidi yao, na siku figo ikihitajika, kumpata ndugu anayelingana kunakuwa kugumu zaidi.

Nani angempima Salha kiwango cha takrolimasi mwaka wa tatu, shamba likiwa limeuzwa na wakala hapokei simu? Hili ndilo linalonikera kuliko video yenyewe. Pesa ya kwenda wameipigia hesabu. Pesa ya kuishi baada ya kurudi haimo popote.

Labda kaka yako atasema, hao wanatumia seli mpya, si za maiti. Ni kweli utafiti huo upo, na mimi ninaufuata kwa matumaini makubwa. Kampuni ya Vertex ya Marekani inatengeneza visiwa maabara kutokana na seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuzwa kuwa seli za aina nyingine. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili, 10 hawakuhitaji insulini mwaka mmoja baadaye. Nao wote walikuwa kwenye dawa za kushusha kinga, na katika utafiti huo mshiriki mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi, ugonjwa ambao wodi zetu zinaujua vizuri kwa wagonjwa wa UKIMWI. Uppsala, Sweden, mtu mmoja aliwekewa kwenye msuli wa mkono seli zilizohaririwa jeni ili kinga isizitambue. Zilitoa insulini bila dawa yoyote ya kushusha kinga, lakini dozi ilikuwa ndogo na bado alichoma sindano zake. Tianjin, China, msichana wa miaka 25 aliwekewa visiwa vilivyotengenezwa kutokana na seli zake mwenyewe na akaacha insulini, ila alikuwa tayari ananywa dawa za kushusha kinga kwa sababu ya ini alilopandikizwa zamani. Umeona jinsi wanavyohesabiwa mmoja mmoja? Ndivyo utafiti wa kweli unavyokwenda. Kliniki zinazotangaza seli shina kwa video mara nyingi huchota seli za mafuta, za uboho au za kitovu na kuziingiza kwa dripu. Kupita kwenye dripu hakuzigeuzi seli hizo kuwa seli beta.

Na wakala kasema ni utafiti. Basi mshikeni kwa neno lake. Katika utafiti wa kitabibu wa kweli mgonjwa hauziwi dawa inayopimwa, na mara nyingi hurudishiwa hata nauli. Hakuna arabuni, hakuna punguzo la mwisho wa mwezi. Utafiti wa kweli umeandikishwa kwenye daftari la wazi lenye namba ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta, umepitiwa na kamati ya maadili, na una fomu ya ridhaa inayoandika madhara kwa lugha ya mgonjwa na kumwambia anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu yake ya kawaida. Kwetu Tanzania kibali cha maadili hutolewa na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na majaribio ya dawa husimamiwa na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Nchi nyingine zina vyombo vyao. Kaka yako aombe namba ya usajili, jina la kamati, na maandishi ya nani atagharimia madhara yakitokea. Asimtukane mtu, aombe tu, kisha asubiri. Akipata majibu yenye maandishi, nitumie niyasome.

Sasa nirudi Tanga, maana kuna kazi ya kufanya kabla Salha hajaenda bweni, na nyingi haigharimu shamba.

Insulini ya mchanganyiko ina sehemu mbili, ya haraka na ya polepole. Mtu akichoma saa kumi na mbili jioni, ile ya polepole hukolea kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, wakati amelala na chakula kimekwisha tumboni. Usiku ule wa daku uliingia humo humo. Daktari wake anaweza kutenganisha sindano hizo, akahamishia ile ya polepole wakati wa kulala, au akambadilishia insulini ya muda mrefu isiyo na kilele kikali. Insulini za namna hiyo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021, kwa hiyo mkiuliza hamuombi anasa. Msibadilishe wenyewe nyumbani. Nendeni na ushahidi: kwa siku kadhaa apime kabla ya kulala na saa tisa usiku, aandike namba, saa ya sindano na alichokula. Daktari akiona daftari lile ataamua kwa haraka kuliko akisikia tu kwamba "inashuka". Mwombe pia ampapase mahali anapochoma. Miaka yote hii, kama huchoma palepale, huenda kuna vinundu chini ya ngozi, na insulini iliyochomwa kwenye kinundu hutoka inapotaka yenyewe.

Kuhusu dalili zilizopotea, hapa nina habari njema na ningependa uisome mara mbili. Sukari ikishuka mara kwa mara mwili huzoea na kuacha kuonya, lakini onyo hilo linaweza kurudi. Watafiti wa Uingereza walioripoti mwaka 2014 waliwachukua watu 96 wenye tatizo hili hili la Salha, wakawafundisha kwa wiki 24 namna ya kuepuka kila kushuka. Dalili zilianza kurudi na kuanguka kukapungua sana. Waliotumia sindano za kawaida walifaidika sawa na waliopewa pampu ya insulini. Kwa hiyo kwa miezi michache daktari anaweza kukubali sukari yake ikae juu kidogo kuliko mlivyozoea kuambiwa. Ikifika chini ya 4 mmol/L kwenye kipimo, hata kama anajisikia mzima, anywe glukosi au maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akiwa hajitambui msimmiminie kitu mdomoni, kitampalia. Mlazeni ubavu, mpakeni asali kidogo ndani ya shavu, na mkimbilie hospitali. Jirani yako mwambie kwa upole kwamba huyo ni ubongo uliokosa sukari. Kisomo kitasomwa akishazinduka.

Mtungi wako usikutie wasiwasi. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya, wakaijaribu insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne, na haikupoteza nguvu. Chupa iliyofunguliwa andika tarehe, ikifika wiki nne itupe. Isikae juani wala isiguse maji.

Kaka yako ana moyo wa kutoa, na moyo huo msiuvunje. Mwambie Salha anahitaji stripu za kupimia za kutosha mwaka mzima. Akiweza zaidi, aulize huko Muscat kuhusu vihisi vinavyobandikwa mkononi na kupiga kengele sukari ikianza kushuka. Vingi hudumu wiki mbili kimoja, basi apige hesabu ya mwaka kabla ya kununua cha kwanza, maana kumzoesha kisha kumwachisha njiani ni vibaya. Chuoni, Salha achague rafiki wawili wa chumba kimoja, awafundishe mbele yako wapi glukosi inakaa na wafanye nini.

Na hilo jibu lake, "fanyeni mnavyoona". Binti wa miaka 19 aliyeamka mara nyingi hospitali bila kukumbuka alivyofika, anaweza kusema hivyo kwa kuchoka, au kwa kuogopa kwamba yeye ndiye anayewauzisha shamba. Mwambie leo shamba haliuzwi. Kisha mwulize anaogopa nini kuhusu bweni, usimkatize. Sheria inamhesabu mtu mzima: hata ule utafiti wa kweli, ukifika siku moja, saini itakayotakiwa ni yake.

Kliniki ijayo nendeni wote wawili na daftari la usiku, na yeye ndiye aseme na daktari.